Mafuta ya Jua: Nunua Yale Utakayoweza Kuyamaliza

Tyubu ya mafuta ya jua ya mililita 50 ikimaliza mwaka kabatini mwako, hukuitumia. Uliinusa, ukaigusa, ukajipaka tone siku za harusi na siku za kupiga picha. Mimi nauza dawa katika farmasi moja hapa Katindo, Goma, na wanaoingia kutafuta mafuta hayo huja na maswali mawili: "Kuna yenye namba kubwa?" na "Hayachubui?" Swali ambalo lingewasaidia kuliko hayo yote mawili hawaliulizi: nipake kiasi gani? Nitayajibu yote, ila hilo la kiasi ndilo nitakalokaa nalo.

Jua letu na upepo wa Kivu

Tuko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Yote mawili yana uzito wake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye tyubu, huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kwa hiyo mtu wa Muanda, kule pwani ya Atlantiki, anaweza kutoka jasho kutwa huku mwenzake wa Goma aliyevaa sweta akipigwa na UV kali kuliko yake. Ukipanda Nyiragongo, mita 3,470, ongeza tena. Kule juu wageni huvaa makoti mazito, kisha hushuka pua zimebabuka.

Ngozi haina namna ya kuhisi UV. Inahisi joto tu, na hapa upepo wa ziwa huliondoa joto mapema, nasi tukadhani jua nalo limepungua. Mawingu membamba ya asubuhi pia yanadanganya, maana sehemu kubwa ya UV huyapenya. Wanaoogelea Kivu wajue kwamba nusu mita chini ya maji bado kuna kama asilimia 40 ya UV iliyoko juu yake. Kitu kimoja kinatupendelea: mawe yetu ya lava ni meusi, hayarudishi miale kama mchanga mweupe.

Saa ya kujikinga usiitafute kwenye simu, itazame chini. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali. Kwa Goma hiyo ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri hivi, karibu mwaka mzima, kwa sababu saa zetu za ukutani zinalingana vizuri na jua: saa sita kweli ni saa sita, tofauti ni dakika tu. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua husimama wima juu ya utosi, kivuli chako unakikanyaga. Mwenye ngozi dhaifu aongeze saa moja kila upande.

Nani aanze kutoa pesa

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Watafiti walioipima walikuta inazuia UV inayounguza kama mafuta ya SPF 13 hivi (SPF ni ile namba ya kinga iliyoandikwa kwenye tyubu). Ngozi nyeupe ilikuwa kama 3. Saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni nadra kwa mtu mweusi. Basi kama uso wako hauna shida, hakuna dawa unayokunywa, na pesa ya mwezi unaihesabu mara mbili kabla ya kuitoa, mimi nitakuambia nenda soko la Virunga, kwa wauza mitumba, utafute kofia yenye ukingo mpana, chenji ununulie sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwenye farmasi hunitupia jicho nikisema hivyo.

Ila kuna ambao siwezi kuwaambia waende Virunga tu. Wa kwanza ni watu wenye ualbino. Kwao hili ni jambo la uhai, na nitawarudia chini.

Kisha kuna mama mwenye madoa ya kahawia mashavuni na kwenye paji la uso, yale yanayokuja na mimba au na vidonge vya uzazi wa mpango. Kuna na kijana ambaye kila kipele chake kinaacha alama nyeusi. Alama hizo jua ndilo linalozikoleza. Mtu anapaka krimu ya kuondoa madoa usiku, mchana anatoka bila kinga, jua linarudisha kilichoondoka. Anaona krimu haina nguvu, ananunua kali zaidi. Ndivyo wengi wanavyofika kwenye hidrokinoni na klobetasoli, dawa kali ambazo watu hujichubulia. Ngozi inakuwa nyembamba, melanini, ile rangi ya asili inayoikinga, inapungua, na jua linaikuta uchi. Hidrokinoni ikitumika muda mrefu kwa mtu anayetembea juani inaweza kuacha weusi wa bluu-kijivu mashavuni ambao ni vigumu mno kuuondoa. Hata aliyeacha kujichubua bado yumo katika kundi hili kwa miezi mingi, mpaka ngozi ijijenge upya.

Kundi la tatu wengi hawalijui: wanaokunywa dawa. Doksisiklini tunaitoa kila siku, kwa maambukizi na kwa wageni wanaojikinga na malaria. Kuna Bactrim, dawa ya maambukizi. Kuna hidroklorotiazidi ya presha. Kuna tretinoini ya kupaka kwa chunusi. Zote zinaweza kuifanya ngozi iungue kwa jua ambalo wiki iliyopita haikulijali. Kwenye ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi tafuta neno la Kifaransa photosensibilisation. Ukiliona, muulize anayekuuzia. Dawa usiiache, funika ngozi.

Ndimu nayo naiweka hapa, ingawa inauzwa sokoni. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi, kisha ukakaa juani, kesho au keshokutwa mahali pale panawaka, panatoa malengelenge, halafu doa jeusi linakaa wiki, pengine miezi. Huwapata wachoma nyama wa pembeni mwa ziwa wanaokamua ndimu mchana kutwa, na huwapata zaidi akina dada wanaojisugua ndimu usoni wakitafuta kung'aa. Wanataka uso uwe mweupe, wanapata baka jeusi, wanakuja kwangu kuomba krimu ya kuliondoa. Osha kwa maji na sabuni kabla ya kutoka nje, na usoni usiiweke kabisa.

Walio na lupasi (kinga ya mwili inaposhambulia mwili wenyewe), vitiligo (mabaka meupe ya ngozi), au kovu jipya la kuungua nao wajikinge. Wajawazito wasiogope: mafuta ya madini, nitayaeleza sasa hivi, hayana shida kwao.

Kusoma tyubu ukiwa bado dukani

Tyubu nyingi zinazofika hapa zimeandikwa Kifaransa, nyingine Kiingereza, siku hizi nyingine Kikorea. Usihangaike na maneno ya mbele yenye maua. Tafuta namba kwanza: SPF, au FPS, au indice. Namba hiyo inahusu UVB, ile inayounguza. Ikipakwa kiasi kamili, SPF 15 huacha kupita kama miale 7 katika 100. SPF 30 huacha 3. SPF 50 huacha 2. Kutoka 15 hadi 30 umepata kitu cha maana. Kutoka 30 hadi 50 umepata mwale mmoja. Na anayekudai mara mbili kwa ajili ya SPF 100 anakuuzia mwale mmoja mwingine. Lebo za Ulaya zinaishia kwenye 50+ tu. Namba kubwa humsaidia hasa anayepaka kidogo, na wengi hupaka kidogo, kwa hiyo sisemi haina kazi. Kwa mtu mweusi asiye na tatizo 30 inatosha. Kwa madoa, kwa wanaokunywa zile dawa, na kwa ualbino, anzia 50.

Baada ya namba tafuta UVA. Hii haiunguzi haraka, lakini inaingia ndani zaidi, inakoleza madoa, na inapita kwenye kioo cha dirisha. Dereva ambaye shavu lake la upande wa dirisha limechakaa kuliko jingine anaijua bila kujua jina lake. Kwenye tyubu za Ulaya utaona herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA ni angalau theluthi moja ya ile namba ya SPF. Za Korea na Japani huandika PA na alama za kujumlisha. Chukua yenye tatu au nne. Za Marekani huandika Broad Spectrum. Tyubu yenye namba peke yake, bila alama yoyote ya UVA, irudishe rafuni.

Geuza nyuma usome viungo. Ukikuta zinc oxide au titanium dioxide, hayo ndiyo mafuta ya madini. Ni mapole kwa watoto na kwa ngozi inayowasha haraka, ila kwetu sisi uso unaweza kutoka kama umepita kwenye mfuko wa unga wa muhogo. Majina marefu kama butyl methoxydibenzoylmethane, octocrylene au ethylhexyl salicylate ni ya vichujio vingine. Vinanyonya UV na havipaushi, ila jasho likivipeleka machoni utalia. Hakuna ubaya kuchagua kimoja au kingine. Mafuta bora ni yale ambayo uso wako utayavumilia kila siku, na kama yanakufanya uone haya barabarani, utayaacha wiki ya pili.

Wenye madoa ya mimba wana jambo la ziada. Madoa hayo hukolezwa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na mafuta mengi ya jua hayauzuii mwanga huo. Kinachouzuia ni rangi za chuma, zile zinazowekwa kwenye mafuta yaliyoandikwa teinté, yaani yenye rangi. Nyuma utaziona kama oxydes de fer, au CI 77491, 77492 na 77499. Shida ni kwamba rangi nyingi zinazoletwa hapa zimetengenezwa kwa mashavu ya watu wa Paris. Fanya hivi: paka mafuta ya jua ya kawaida, subiri yakauke, kisha paka juu yake fondeteni, ile krimu ya vipodozi, yako mwenyewe ya rangi ya ngozi yako. Soma chupa yake. Kwa kawaida zile rangi za chuma zimo humo humo.

Sasa swali la kuchubua. Mafuta ya jua halisi hayachubui. Lakini kuna maziwa ya mwili yameandikwa SPF 15 mbele na éclaircissant, yaani ya kung'arisha, chini yake, na ndani yana hidrokinoni, au zebaki isiyoandikwa popote. Ile SPF haifuti madhara ya vingine. Tyubu isiyo na orodha ya viungo, isiyo na namba ya loti, yenye lebo inayobanduka kwa ukucha au Kifaransa kilichokosewa, hata ikiwa rahisi namna gani, usiiweke usoni.

Omba tone la kujaribu. Lipake kwenye taya, kando ya shingo, usimame mlangoni kwenye mwanga wa mchana kwa dakika tano. Ndani ya duka lenye taa ya umeme kila kitu kinaonekana kizuri. Ngozi ya mafuta ichukue fluide au gel, ngozi kavu crème. Goma ina vumbi la lava, jeusi, na krimu nzito hulishika. Ukifika kazini kwa pikipiki uso umekuwa wa fundi gereji.

Tarehe usiisahau. Kuna kipicha cha kikopo kilichofunguliwa chenye 12M au 6M: hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Andika siku uliyofungua kwa kalamu kwenye tyubu. Ukibonyeza yakatoka maji upande mmoja na mafuta upande mwingine, tupa. Na anayepanga tyubu za mafuta ya jua kwenye meza juani, kutwa nzima, umpite, hata kama bei yake ni nusu ya yangu. Joto huharibu vichujio vile vile ulivyokuja kununua.

Kiasi

Namba ya SPF hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Nyumbani chukua kijiko cha chai. Nusu kijiko, kizidi kidogo, ni ya uso, masikio na shingo. Nusu kwa kila mkono, kuanzia bega hadi vidoleni. Kijiko kimoja kwa kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni. Mtu mzima anayeenda kuogelea anamaliza karibu mililita 30 kwa kupaka mara moja. Asiye na kijiko achore mistari miwili ya mafuta, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina la kidole hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo.

Nikionyesha hivyo dukani watu hucheka. Wengi wetu hupaka robo, au nusu tukijitahidi, na kinga inashuka kwa kadiri hiyo au zaidi. SPF 50 iliyopakwa nusu ya kiasi inafanya kazi kama ya 25, pengine chini yake. Kwa hiyo yule aliyenunua ya bei ghali ili aitumie kwa kubana ana kinga ndogo kuliko jirani yake mwenye chupa kubwa ya SPF 30 ya kawaida anayeimimina bila huruma.

Fanya hesabu. Uso na shingo ni mililita 2.5 hivi. Ukipaka asubuhi na mchana ni 5 kwa siku. Tyubu ya 50 imeisha siku ya kumi. Kabla hujanunua, jiulize kama utaweza kununua nyingine siku hiyo ya kumi. Kama huwezi, shuka bei, chukua chupa ya mililita 200 yenye alama ya UVA, au punguza sehemu za kupaka kwa kuzivisha nguo.

Chukua mfano wa shemeji yangu, motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Mikono yake iko juani tangu asubuhi, imeshikilia usukani. Akitaka kuikinga kwa mafuta peke yake ni nusu kijiko kila mkono, kila baada ya saa mbili. Kuanzia saa tatu hadi saa tisa ni mara tatu, yaani mililita 15 kwa siku, na tyubu inakwisha siku ya nne. Hakuna motari wa Goma atakayelipa hiyo, na mimi sitamwomba. Anavaa shati la mikono mirefu na glavu zilizokatwa vidole, mafuta anabakiza kwa pua, mashavu na shingo ya nyuma. Anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mama anayeanika sambaza, anayepanga bidhaa soko la Kituku, wote hesabu yao ni hiyo hiyo: nguo kwanza, mafuta kwa kile ambacho nguo haikifikii.

Nguo yenyewe ipime kwa kuiinua kwenye mwanga. Ukiona taa kupitia kitambaa, UV nayo inapita. Fulana nyeupe nyepesi inazuia kidogo, na ikilowa maji inazuia kidogo zaidi. Kitenge kizito cha rangi iliyokolea ni kizuri, jinzi inazuia karibu yote. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 8 hivi kuzunguka kote. Kepi inaacha masikio na kisogo nje. Mwavuli wa mvua ni mzuri kwa jua pia, ingawa miale mingine hutoka pembeni, angani, haipiti juu tu. Waliosuka nywele, ile mistari ya kichwa inaungua; funga kitambaa. Miwani tafuta iliyoandikwa UV400, maana kioo cheusi tupu kinafungua mboni tu na kuingiza zaidi.

Kupaka kwenyewe

Osha uso, paka mafuta yako ya kawaida kama ngozi ni kavu, yaache yanywe, kisha paka ya jua, mwisho kabisa poda na rangi. Weka vidoto kwenye paji, pua, mashavu, kidevu na shingo kabla ya kusambaza, usirundike mashavuni ukaishia hapo. Masikio, kisogo, kope kwa uangalifu, na juu ya miguu kwa wanaovaa kandambili. Midomo ina mafuta yake yenye SPF. Kama unapaka na dawa ya mbu, ya jua itangulie.

Fanya hivyo dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mara moja baada ya kuoga ziwani au kujifuta jasho kwa taulo. Yaliyoandikwa résistant à l'eau yanavumilia dakika 40 majini, yaliyoandikwa très résistant dakika 80, hayavumilii siku nzima. Anayefanya kazi ofisini mbali na dirisha apake asubuhi, arudie kabla ya kutoka mchana. Jioni ondoa yote kwa maji na sabuni, vinginevyo vipele vitakujia ukasingizia mafuta.

Mara ya kwanza jaribu sehemu ndogo ndani ya mkono, ukae siku moja. Mtoto wa chini ya miezi sita usimpake. Mfunike na umweke kivulini. Akiwa mgongoni, tazama kichwa na nyayo zinazochungulia nje ya kitenge, maana wewe huzioni na jua linaziona. Mafuta ya mawese, ya nazi, vazelini na gliserini yanalainisha ngozi vizuri; kinga yake kwa jua ni ndogo mno kuitegemea.

Mtoto mwenye ualbino

Mtoto wa dada yangu mkubwa ana ualbino, kwa hiyo hapa sisemi ya kaunta. Sare za shule zetu ni shati jeupe na bluu. Hilo shati jeupe ndilo adui wa kwanza: jembamba, mikono mifupi. Mama yake alimpelekea fundi kitambaa kizito, akashonewa mikono mirefu na kola inayosimama, na ndani anavaa singlendi. Kofia ya ukingo mpana ilihitaji mazungumzo na mwalimu mkuu, kwa sababu kofia darasani ni utovu wa adabu. Walikubaliana avue ndani na avae uwanjani. Nenda uzungumze mapema, mwanzo wa mwaka, na uombe pia akae mbele, mbali na dirisha: macho yake hayaoni mbali, na mwanga unayaumiza.

Mafuta, 50+, uso, masikio, midomo, shingo, na mgongo wa viganja. Asubuhi nyumbani, tena wakati wa mapumziko, kutoka kwenye kichupa kidogo kilichomo kwenye begi. Mfundishe kujipaka mwenyewe mbele ya kioo tangu akiwa na miaka sita au saba. Kila tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya kuelewa ualbino, kukiwa na wa kukupa tyubu ipokee na ushukuru, lakini hesabu yake unaijua sasa. Kule Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinatengeneza mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ukipata mtu anayetoka huko, muulizie.

Mara moja kwa mwezi mvue nguo mchana, kwenye mwanga, umtazame ngozi yote: juu ya masikio, nyuma ya shingo, midomo, mikono. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, ganda linalotoka na kurudi, uvimbe mgumu unaokua, vyote ni vya daktari, si vya marhamu yangu. Saratani hiyo ikikamatwa ndogo hukatwa na mtu akaendelea na maisha yake. Ikisubiri, inakula.

Sisi wengine weusi tuna eneo letu la kutazama, na halihusiani na jua hata kidogo. Melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari sana, inapomshika mtu mweusi, mara nyingi huanzia kwenye unyayo, kiganja, au chini ya ukucha. Bob Marley alifariki Mei 1981 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Doa jeusi jipya kwenye unyayo linalopanuka, au mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kuwa mpana na kugusa ngozi ya pembeni, hakuna tyubu ya kuuza kwa hilo. Nenda hospitali, uvue kiatu, umwonyeshe daktari.